Nyumba Namba Kumi na Saba

14 Januari

Mjukuu wangu nesi,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi mzima. Magoti tu ndiyo yanapiga kelele kila nikiinuka kwenye cherehani, nami nayajibu. Kaka yako na mkewe bado wako kambi ya barabara, yeye na greda lake, mkewe na masufuria ya vibarua. Wanakuja mwisho wa mwezi, wanakula, wanalala, wanaondoka. Mtoto wao Punje yuko kwangu kama kawaida. Ana miaka kumi, kichwa chake kinafika kiunoni kwangu, mdomo wake unafika darini.

Sasa ugomvi. Ni wewe uliyeniambia mwili wa Punje hautoi homoni za kumkuza, na kwamba achomwe sindano kila jioni. Nimekubali, nachoma. Wiki iliyopita, tarehe 6, nesi wa kliniki ya huku, yule ninayemwita Viatu kwa sababu viatu vyake ni vyeupe kuliko meno yake, kanipa mashine mpya ya kuchomea. Nyeupe, laini kama yai, ina kioo na taa ya kijani. Eti inachoma, inahesabu, halafu inapeleka habari kliniki kwa njia ya simu. Nikamuuliza, "Kwa hiyo mmeniletea mpelelezi ndani ya nyumba?" Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Imebandikwa namba 17. Usiwe na wasiwasi nayo, iko salama, haina hata mkwaruzo.

Na usinipigie simu. Kwenye simu unasema "ndiyo Bibi, ndiyo Bibi" huku unafanya mambo yako. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Bibi yako

2 Februari

Bibi, shikamoo.

Nimehama chumba. Hiki kipya kina dirisha, na dirishani kuna paka wa mwenye nyumba ambaye ameamua mimi ndiye mgeni. Kazini tupo salama. Barua yako nimewasomea wenzangu kwenye chumba cha chai, na dada mkuu wetu anauliza kama unaweza kuja kutusimamia japo kwa wiki moja.

Bibi, nimewekwa kwenye kamati ya manesi wanane. Tunatoa maoni kuhusu hizo mashine za sindano, kama ziendelee na zipelekwe kliniki zote za watoto. Ungetusikia! Dada mkuu anazipenda. Anasema, "Zamani nusu saa yangu yote ilikwisha kumhoji mama wa mtoto kama polisi: umechoma, hujachoma? Sasa najua kabla hajaketi. Nusu saa inakuwa ya kuzungumza." Lakini kuna nesi mmoja mtu mzima, tunamwita Mzee Breki kwa sababu kila jambo lazima alipunguze mwendo. Yeye kasema, "Na nyumba isiyo na mtandao? Na bibi asiyeona maandishi madogo? Skrini ikinyamaza, nyie mtasema bibi ndiye amenyamaza." Tukabishana mpaka chai ikawa maji.

Mimi niko upande wa mashine. Kwa hiyo nataka maoni yako, wewe unayeishi nayo. Inakusumbua? Punje anaionaje? Mnaitumia vizuri?

Mjukuu wako

23 Februari

Nesi wangu,

Marahaba. Kwa hiyo barua zangu sasa zinasomwa kwenye chai? Ningejua ningevaa vizuri wakati wa kuandika.

Huku tuko wazima. Punje kamaliza mtihani wa hesabu akiwa wa pili kutoka juu. Mwalimu wa michezo kamwambia akae mbele kwenye picha ya darasa kwa sababu ni mfupi. Kajibu, "Mimi si mfupi, mwalimu, ni wao wamezidisha." Nimeitwa shuleni kwa ajili ya jibu hilo. Nilimgombeza mbele ya mwalimu, tulipotoka nje nikampa karanga.

Maoni yangu ni kwamba mashine ni nzuri mno. Majirani wote wamekuja kuiona. Mama mwenye duka alitaka kuigusa, nikamwambia anawe mikono kwanza, akanuna, akanawa. Mzee Breki msalimie sana, huyo ana akili. Dada mkuu msalimie kidogo.

Umeuliza kama tunaitumia vizuri. Hivi mimi nina kitu gani kimewahi kuharibika mkononi mwangu? Cherehani yangu ina umri mkubwa kuliko baba yako. Swali kama hilo nenda kawaulize watu wa huko mjini mnaovunja vikombe.

Bibi yako

12 Machi

Bibi, shikamoo. Naandika haraka. Nimekupigia mara nne, najua umeizima.

Jana tuliletewa ripoti ya kliniki zote. Hatuonyeshwi majina, tunaonyeshwa namba za nyumba tu, na kila siku ina kisanduku chake: kijani amechomwa, tupu hajachomwa. Nyumba namba 17 ina visanduku sitini na tano. Vyote vitupu, Bibi. Hata kimoja cha kijani hakuna. Mwenzangu mmoja akasema, "Hawa kumi na saba wamelala usingizi wa pono," watu wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia soksi zangu.

Kuna kanuni. Nyumba ikiwa na siku tupu zaidi ya thelathini ndani ya siku tisini, dawa inasimamishwa na nafasi anapewa mtoto mwingine anayesubiri. Dawa hazitoshi na watoto wanaosubiri ni wengi. Siku tisini zenu zinatimia tarehe 6 Aprili. Uamuzi utatolewa kwenye kikao cha tarehe 10 Mei.

Unajua mwenyewe kwamba dawa hii ina wakati wake. Mifupa ya mtoto ikishafunga, hata umchome pipa zima, harefuki tena. Akitolewa sasa, sijui lini atarudi.

Nakuuliza kama mjukuu, sikuulizi kama nesi. Unamchoma Punje?

Mjukuu wako

27 Machi

Wewe mtoto,

Leo salamu hakuna. Zitakuja nikipoa.

Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio hilo lifike mpaka huku. Namchoma! Kila jioni saa moja na nusu, akimaliza kazi za shule, namchoma kwa kalamu yake ya sindano, ile ile ya zamani. Kichupa cha dawa kinaingia humo bila matatizo. Mashine iko kabatini. Kabati la vioo, rafu ya juu, kati ya birika la wageni na vile vikombe sita vyenye mstari wa dhahabu. Ulitaka iwe wapi? Kitu cha thamani namna ile nikishike kila siku, na mtoto mwenyewe ana vidole vya mafuta? Mimi nilisema siku akija daktari mkubwa kukagua, tunaitoa, inamchoma mbele yake, inawasha taa yake, anafurahi, tunairudisha. Hakuna aliyeniambia kwamba ikikaa kabatini inanisema vibaya.

Na ushahidi ninao. Tangu siku ile ya mashine, kila nikimchoma Punje napiga mshono mmoja wa uzi mwekundu kwenye foronya ya mto wake. Nilianza kwa ajili ya ubishi, nimwonyeshe Viatu kwamba mtu mwenye macho yake hahitaji mpelelezi.

Sijakosa hata siku moja. Liandike hilo kwa herufi kubwa, ulibandike kwenye ukuta wa kamati yako.

Bibi yako, na bado sijapoa

9 Aprili

Bibi, shikamoo hata kama hujapoa.

Nimecheka mpaka paka kaondoka dirishani. Kabatini! Kamati nzima tumekaa miezi mitatu tunajadili mtandao, betri, maandishi madogo, programu ya simu. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kuipenda mashine kiasi cha kutoitumia. Mzee Breki kapiga meza kasema, "Andikeni hilo kwenye maoni, na liwe la kwanza."

Sasa nisikilize. Foronya hiyo ipeleke kwa Viatu kabla ya tarehe 10 Mei. Nimeongea na wenzangu, bila kuwaambia namba 17 ni nani kwangu, wataipokea kama ushahidi. Lakini kuna jambo la pili. Kliniki ilimpima Punje mwezi uliopita, na kwa miezi mitatu hajaongezeka hata sentimita moja. Kama kweli hakukosa sindano hata moja, daktari ana njia mbili tu: kumwongezea dawa, au kusema mwili wake haupokei na kuiacha kabisa. Atafuata foronya yako, Bibi. Mshono kwa mshono.

Na la tatu, ambalo nimekuficha. Ile kanuni ya siku thelathini niliitunga mimi. Dada mkuu aliuliza, "Tuweke mpaka wapi?" Wengine waliguna, mimi nikasema thelathini, nikajiona hodari. Nilifikiria visanduku. Sikufikiria kwamba nyuma ya kisanduku kuna mtu amekaa. Tangu nione namba yako nimeona aibu kukuambia, nikawa naiita "kanuni" tu kana kwamba imeshuka na mvua.

Ipeleke foronya, tafadhali.

Mjukuu wako

11 Mei

Mjukuu wangu nesi,

Nimepoa, tena nimepoa sana. Salamu zako zipokee zote, pamoja na zile za mwezi wa tatu.

Barua yako niliipata zamani. Najua ulisubiri jibu. Nilikuwa na wewe mezani kila siku, na kalamu, na maneno hayakutoka. Sasa yatoke.

Nilikudanganya. Kwa zile siku tisini, foronya ina mishono hamsini na sita. Mapengo, yaani nafasi nilizoacha siku nisizomchoma, ni thelathini na nne.

Usipige kelele, sijamaliza. Kalamu ya sindano sikuisahau, dawa haikuisha, wala sikulala. Ni machozi ya Punje. Akilia kwa kelele namudu, nakaza uso, nachoma, nampangusa. Lakini kuanzia Januari kaanza kulia bila sauti. Anakaa kitandani, kashika nguo yake, machozi yanashuka, ananitazama. Siku ya kwanza nikasema basi, leo pumzika, kesho. Siku nyingine tumbo linamuuma. Siku nyingine mguu. Mimi niliyewalea watoto sita kwa jicho moja tu la ukali, mimi ambaye wateja wangu wanaogopa kuchelewa kuchukua nguo, nilikuwa naweka kalamu chini na kusema kesho. Mara thelathini na nne.

Barua yako ilipofika, nilikaa na foronya mapajani wiki nzima. Thelathini ndiyo mpaka wako. Nne tu zilikuwa zimezidi. Mishono minne! Mimi ni fundi, nani angejua? Nikatunga uzi. Nikapiga mmoja. Kumbe Punje yupo mlangoni.

"Bibi, siku hiyo sikuchomwa."

"Umejuaje ni siku gani?"

"Iko baada ya ile ya mtihani wa hesabu. Ndiyo siku nilikudanganya naumwa tumbo."

"Kumbe ulinidanganya?"

"Na wewe ulijua."

Nilijua. Tulitazamana pale kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja.

Halafu nikakumbuka ulivyoandika, kwamba daktari atafuata mshono kwa mshono. Kwa hiyo nikipiga minne nyumba inapona, lakini mtoto ataongezewa dawa kwa ajili ya sindano ambazo hakuchomwa, au ataambiwa mwili wake ni mbovu wakati mbovu ni mimi. Nikaufumua ule mmoja. Hata hivyo sikwenda. Niliogopa. Wiki mbili nyingine nilikuwa naikunja foronya, naifunua. Tarehe 8 nikavaa, nikamshika Punje mkono, tukaenda.

Viatu kaihesabu kwa kidole, taratibu. Kafika mwisho, kaanza upya. Kaniuliza, "Bibi, ilikuwaje?"

Nikamwambia, "Mimi mwoga."

Neno hilo sijawahi kulitamka, hata marehemu babu yako hakulisikia, naye alilitafuta miaka thelathini.

Nilidhani atanisema. Kavuta kiti, kakaa karibu. "Kosa letu ni la wawili," kasema. "Skrini yako nimeiona tupu miezi minne. Kila asubuhi nasema huyu bibi mzembe, napita kwa mwingine. Nyumbani kwako ni dakika kumi kwa miguu, sijapiga hodi hata mara moja. Zamani, kabla ya hii skrini, ningekuja wiki ya pili."

Punje kamwambia, "Njoo, lakini usije na sindano."

Kaahidi kuipeleka hesabu kwenu siku hiyo hiyo, mapengo yote, bila kupunguza. Kikao chenu kilikuwa jana. Sijui mmeamua nini, na simu nimeiwasha, lakini naogopa kuishika. Kama mtoto kanyang'anywa dawa, aliyemnyang'anya ni mimi, siyo kanuni yako wala mashine. Kaka yako nitamwambia mwenyewe. Usinitangulie.

Bibi yako

13 Mei

Bibi, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu nimepiga simu, Punje akapokea, akasema "Bibi kaingia chini ya cherehani anatafuta sindano," na nikasikia mtu anamwambia "sema sipo." Basi soma, utulie.

Kwanza, kabla ya kikao nilisimama nikawaambia namba 17 ni nani kwangu, nikawakumbusha na kanuni ni ya nani. Nikatoka nje, sikupiga kura. Nilikaa kwenye benchi la korido lisaa lizima, nikasoma bango la kunawa mikono mpaka likaniingia kichwani.

Mzee Breki kanisimulia baadaye. Mmoja wetu alisema, kwa haki kabisa, kwamba kuna mtoto mwingine anasubiri, na thelathini na nne ni zaidi ya thelathini. Dada mkuu, yule anayezipenda mashine, ndiye aliyejibu. Kasema, "Ninazo nyumba zenye kijani kila siku ambazo siziamini. Kuna mtoto kaniambia alikuwa anauchoma mto, na mashine ikawasha taa kama kawaida. Hii ni nyumba ya kwanza iliyonihesabia makosa yake bila kuulizwa. Huyo ndiye mtu ninayeweza kufanya naye kazi."

Kwa hiyo: Punje anabaki na dawa miezi mitatu, halafu anapimwa upya. Dozi haiongezwi. Viatu atakuja kwako mara mbili kwa wiki, aanze kumfundisha mtoto. Mashine itoke kabatini, Bibi, hilo ni sharti. Na kanuni yangu imefutwa. Kuanzia sasa skrini ikiwa tupu wiki mbili, nesi anakwenda kupiga hodi kabla hajaandika chochote. Maneno hayo nimeyaandika mimi, wakaniacha niyaandike.

Na yule anayesubiri bado anasubiri. Sitaki nikufiche hilo. Nimeliandika jina lake kwenye daftari langu, nimuulizie kila wiki.

Piga simu. Mara moja tu.

Mjukuu wako

24 Agosti

Mjukuu wangu nesi,

Salamu nyingi, na za kaka yako pia. Nilimwambia kila kitu, akaenda kuosha gari la watu ambalo halikuwa chafu, akarudi akasema sawa. Kambi imehamia karibu, sasa wanakuja kila Jumamosi, yaani naosha sufuria mara mbili.

Mashine ina mikwaruzo mitatu. Mmoja ni wangu, ilidondoka, nikapiga yowe kuliko siku ya kumzaa baba yako. Inachoma vizuri, sindano yake imejificha, mtoto haioni, hilo nalikubali. Taa yake ya kijani ikiwaka Punje anaisalimia. Maoni yangu kwa kamati: maandishi ni madogo, sauti yake inakera, na aliyeitengeneza hajawahi kumshika mtoto anayelia. Lakini inasaidia. Andika na hilo, kabla sijabadili mawazo.

Jana walimpima. Sentimita mbili na nusu. Viatu kapima mara tatu, mara ya tatu kwa sababu niliomba, nilitaka kuisikia tena. Daktari kasema tuendelee.

Na kitu ambacho hukuniuliza. Tangu wiki mbili zilizopita Punje anajichoma mwenyewe. Anafuta ngozi, anashika paja, anahesabu mpaka tatu, anabonyeza. Viatu kamfundisha kwa chungwa kwanza. Machozi hakuna. Mimi ndiye nilikuwa nahema, nasema "pole pole, pole pole," namchanganya. Siku ya tatu kaniambia kwa adabu kabisa, "Bibi, naomba utoke nje kidogo, unanitisha."

Mimi, nyumbani kwangu, nikatoka.

Nikasimama uani. Nikasikia anahesabu. Nikasikia ile sauti ya mashine. Halafu kaita, "Bibi, imekwisha, unaweza kuingia. Unafanya nini huko?"

Nikamwambia nafagia. Ufagio ulikuwa ndani.

Bibi yako